Umeme Haubebwi kwa Kidumu

Siku hizi ukikaa kijiweni, hata kama mlianza na mpira, haipiti nusu saa kabla mtu hajaingiza pikipiki za umeme. Na zikishaingia, basi tena: watu wanagawanyika kama Simba na Yanga. Wapo wanaosema petroli imekwisha, izikwe. Wapo wanaosema pikipiki isiyonguruma ni baiskeli iliyovaa suti. Mimi hukaa katikati nikanyamaza, maana naona mabishano yale ni ya watu wa lami. Mtu wa lami akiishiwa chaji Ubungo anasukuma mpaka dukani, anaomba soketi. Swali langu mimi ni la mtu wa tope. Pale lami inapoishia, mawe na utelezi vinapoanza, je, pikipiki ya umeme ni ya kazi au ni urembo?

Swali hili silichezei. Mdogo wangu yuko Lushoto, kule juu ambako udongo ni mwekundu na mvua ikinyesha njia inageuka sabuni. Anabeba kabichi na karoti kutoka mabondeni hadi barabara kubwa, na mzigo ukikosekana anabeba watu. Pikipiki yake imechoka. Ameweka akiba ya misimu miwili, halafu akanipigia simu: "Kaka, we si ndo unasomasoma huko? Niambie, nichukue ya umeme au nibaki na petroli? Ila usinipe hadithi. Hiyo hela ndo ada ya mtoto pia."

Jamani, mtu akikuuliza hivyo humjibu kwa maneno ya kijiweni. Nilichukua kalamu na karatasi.

Nianze na sifa, maana zipo. Nimepanda pikipiki ya vumbi ya umeme mara mbili, kwenye mchanga nje ya jiji, ya rafiki yangu. Haina klachi, haina gia. Ukizungusha mkono inaondoka palepale. Nguvu yote iko tangu tairi linapoanza kuzunguka, haingoji injini ipandishe hasira. Kubwa zaidi, haizimiki. Aliyewahi kuzimikiwa katikati ya mlima, mguu mmoja unatafuta jiwe na mwingine unatafuta kiki, anajua nazungumzia nini. Tena injini ya petroli huhitaji hewa, na hewa hupungua jinsi unavyopanda: ile ya kabureta hupoteza karibu sehemu moja kati ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1000. Mota ya umeme haipumui. Pwani na mlimani kwake ni mamoja.

Wala usidhani hizi ni pikipiki za kitoto. Desemba 2021 kampuni ya Stark Future ya Hispania ilizindua VARG, pikipiki ya mashindano ya matope ambayo waundaji wake waliitangazia nguvu farasi 80, zaidi ya pikipiki nyingi za petroli za sentimita 450. Mwaka 2023 shirikisho la mchezo wa pikipiki duniani, FIM, likawa na mashindano ya E-Xplorer kwa pikipiki za umeme za nje ya barabara. Kwa hiyo anayesema umeme hauna nguvu amepitwa na wakati. Nguvu ipo. Taabu iko kwenye tumbo.

Hebu tupige hesabu pamoja, msomaji, si ngumu. Lita moja ya petroli ina joto la uniti 9 hivi, uniti hizihizi unazonunua kwenye LUKU. Lakini injini ni mlaji mbaya: sehemu kubwa inatoka kama joto na kelele, na porini, kwa gia ndogo, ukipata uniti 2 za kusukuma tairi umebahatika. VARG ile ya kwanza ilikuwa na betri ya uniti 6, na mota hupoteza kidogo sana. Ukigawanya, betri nzima ni sawa na lita tatu za petroli au pungufu kidogo. Lita tatu zina uzito wa kilo mbili na ushee. Betri ile inapita kilo 30.

Hapo ndipo ngoma ilipo. Lita tatu! Mdogo wangu lita tatu anazimaliza kabla ya chakula cha mchana, halafu anasimama kwenye meza ya mama mmoja mwenye chupa za petroli, anamimina, anaondoka. Dakika mbili. Betri ikiisha, hata kwenye soketi nzuri ni saa mbili au tatu, na huko mabondeni soketi yenyewe uitafute kwanza. Watu wataniambia, "Si kuna sola?" Ipo. Paneli ya wati 400 ikipata jua la saa tano kamili inatoa uniti 2. Siku tatu za jua kwa betri moja. Na anayeijua Lushoto mwezi wa saba, ukungu umelala kwenye mabati mpaka saa nne asubuhi, anajua jua kamili kule ni mgeni.

Kitu kimoja kilinishangaza kwenye karatasi yangu. Nilidhani adui wa betri ni mlima. Kumbe sivyo. Pikipiki na mtu wake, jumla kilo 200, wakipanda mita 1000, kimo peke yake kinadai kama nusu uniti tu. Na ukishuka, mota inaweza kurudisha kiasi cha ile nusu kwenye betri. Adui ni tope na mchanga, ambavyo vinakula bila kurudisha, na mwendo mrefu. Betri ambayo kwa mwendo wa upole inakaa saa nyingi, kwenye tope zito inaisha upesi ajabu.

Halafu kuna kimya. Baba yetu alikuwa bwana shamba, alipewa Honda XL ya kazi. Tulikuwa tunaisikia ikiwa bado ng'ambo ya bonde, na mama anabandika maji ya ugali kwa mlio ule. Kwetu kelele ilikuwa barua. Lakini wapo ambao kelele inawaponza. Mwaka 2021 kampuni ya Cake ya Sweden ilipeleka pikipiki za umeme, zikiwa na vifaa vya kuchajia kwa jua, kwa askari wa wanyamapori kupitia chuo cha Southern African Wildlife College huko Afrika Kusini. Sababu ni rahisi: jangili anaisikia pikipiki ya petroli kutoka mbali, anakimbia. Ya umeme inamkuta. Pale kimya ndicho kilichofanya kazi ifae, na askari anarudi kambini kwenye chaji yake.

Ila Februari 2024 Cake ikaomba kufilisika. Hilo nalo niliandika kwenye karatasi. Pikipiki ya petroli ya Kichina, hata kiwanda kife, spea zake utazikuta gulioni, na fundi atachonga kinachokosekana. Betri yenye kompyuta ndani haichongwi. Kigali, kampuni ya Ampersand tangu 2019 imewapa bodaboda mtindo wa kubadilisha betri: unaacha iliyokufa, unachukua iliyojaa. Ni akili sana, lakini ni akili ya mjini, penye vituo. Kituo hakipandi bondeni kumfuata mbeba kabichi.

Basi nilichomwambia mdogo wangu ni hiki. Usiulize pikipiki ina nguvu kiasi gani, uliza siku yako inaishia wapi. Anayetoka asubuhi na kurudi jioni palepale penye umeme, njia anaijua na kilomita anazijua, huyo ya umeme inamfaa leo, siyo kesho. Muuguzi wa zahanati yenye umeme anayezungukia vijiji vya karibu, askari wa kambini, kijana wa kucheza kwenye mchanga Jumapili: wachukue, watafurahi. Lakini wewe siku yako inaishia mzigo unapoishia. Leo kilomita 30, kesho mteja anasema "nisogeze mpaka Mlalo," na huwezi kukataa. Petroli unaibeba kwa kidumu, umeme haubebwi kwa kidumu. Nunua ya petroli, iliyotumika lakini nzima, na hela inayobaki ilipe ada.

Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Sawa kaka. Ila hapa kijijini wameanza kuvuta nguzo."

Nami nikamwambia zikifika, na betri za kubadilisha zikifika nyuma yake, anipigie tena. Karatasi ninayo. Nitabadilisha tarakimu tu, hesabu ni ileile.