Turubai Chini ya Mlima Meru

Nilipomwambia mama mdogo kwamba nakwenda kulala kwenye hema kule Momella, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akauliza, "Nani kafariki?"

Hakuwa anatania sana. Kwetu turubai likisimamishwa, chini yake kuna msiba au kuna harusi. Mtu mzima mwenye nyumba yake, tena yenye bati jipya, kulipa pesa nzuri akalale chini ya kitambaa, hilo halikumwingia. Nikamwambia ni hema lenye kitanda. "Hata la msiba lina mikeka," akasema, akakata simu.

Ukitoka Arusha mjini unaipita Tengeru, unaipita Usa River, halafu unakata kushoto kuelekea mlimani. Migomba na mibuni inakusindikiza pande zote mbili. Watoto wanatoka shule na masweta ya bluu, kwa sababu ni Julai, na Julai ya huku si ya mchezo. Unaonyesha kitambulisho getini, kizuizi kinanyanyuka, na mara migomba imekwisha. Mbele yako ni uwanda wa majani unaoitwa Serengeti Ndogo, na katikati yake wamesimama pundamilia na twiga, wametulia kama mifugo ya mtu. Nyuma, upepo ukivuma vizuri, bado unasikia honi ya bodaboda.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, kreta iliyo upande wa kusini mashariki. Mlima Meru wenyewe uliingizwa mwaka 1967. Ukiwa Momella unashangaa uliwezaje kuachwa nje hata kwa miaka hiyo saba, maana hakuna pa kugeuka usiuone. Mita 4,566. Lakini namba haisaidii sana. Kinachokukamata ni kwamba upande wa mashariki mlima hauna ukuta: umefunguka kama chungu kilichovunjika ubavu, na ndani yake unaona genge la mwamba mweusi likishuka zaidi ya kilomita moja kutoka kileleni, na chini ya genge kuna kilima cha majivu kilichochongoka. Wingu likipita mbele ya genge hilo linaonekana dogo kama moshi wa jiko.

Kambi ilikuwa na mahema sita yaliyotawanyika chini ya mitarakwa na migunga, kila moja likiwa mbali na jingine kiasi kwamba ukikohoa jirani hasikii. Wazungu wana jina lao moja la utalii wa namna hii, wameunganisha ufahari na kupiga kambi. Kijana wa kambi aliyebeba mkoba wangu alikuwa na jina rahisi zaidi: "Hema la kulipia, mama."

Akafungua zipu. Sakafu ya mbao. Kitanda cha futi sita kwa sita, shuka nyeupe zimekunjwa pembe, juu yake mablanketi mawili ya Kimasai, mekundu. Meza ndogo yenye filimbi na tochi. Taa ya sola. Nyuma, chumba cha turubai chenye choo cha kuvuta, beseni la shaba na bafu. Bafu lenyewe ni ndoo ya lita 20 inayoning'inia nje kwenye tawi, ina mpira na mnyororo. Unasema saa unayotaka kuoga, wanakuja kukujazia maji ya moto.

Nilisema saa kumi na mbili na nusu. Nikaketi kibarazani nikamwona yule kijana akitoka nyuma ya jiko, ambako pipa la maji linachemshwa kwa kuni, na dumu begani na tambara kati ya dumu na shingo ili lisimuunguze. Akamwaga, akavuta kamba, ndoo ikapanda. "Maji tayari, mama." Akarudi kuchukua dumu la hema la pili, halafu la tatu. Nimeoga kwenye hoteli nyingi bila kufikiri maji yametoka wapi. Hapa nilifunga mnyororo kila nilipojipaka sabuni.

Jioni jua linazama mapema kwa sababu mlima unalimeza. Saa kumi na moja na nusu kivuli cha Meru kinaanza kutambaa kuja kwako, kinavuka miti, kinavuka majani, kinafika miguuni, na baridi inakuja nacho. Hapo ndipo upepo wa mlimani unaposhuka. Kijana huyo huyo akazunguka hema langu, akijaribu kila kamba kwa kidole kama mtu anayepima waya wa gitaa, na kigingi kilicholegea akakigonga kwa jiwe. Tik, tik, tik.

Usiku hairuhusiwi kutembea peke yako. Unawasha tochi, askari anakuja. Mtoto wa familia moja iliyotoka Dar es Salaam aliuliza mezani kama kuna simba. Mwongozaji akajibu kwamba simba hawapo humu, chui na fisi wapo, na wa kuogopwa ni nyati. Mtoto akaonekana kuvunjika moyo kwa simba, kisha akauliza kama kuna Wi-Fi. Nayo haikuwapo.

Saa tano za usiku nilisikia mtu akinyongwa. Ndivyo ilivyokuwa masikioni mwangu: mlio wa kukwaruza kama mlango wa zamani, ukapanda, ukawa ukelele, ukakatika. Nilikaa kitandani nimeshika filimbi. Baadaye niliambiwa ni perere, mnyama wa mitini asiyezidi paka kwa ukubwa, na kwamba kila mgeni hushika filimbi usiku wa kwanza. Nilipoanza tena kusinzia, kitu kingine kilikuja. Hiki hakikupiga kelele. Kilikuwa kinang'oa majani, kinatafuna, kinapumua kwa nguvu puani, kinapiga hatua, kinang'oa tena, na kati yangu na hicho kitu kulikuwa na kitambaa chenye unene wa suruali ya jinzi. Nikawaza bati langu jipya.

Asubuhi kinyesi cha nyati kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye kigingi, bado kinafuka. Yule kijana alikuja na chai ya tangawizi, akakitazama, akasema, "Alikuwa mmoja tu," kwa sauti ya kunifariji.

Mbega walikuwa wameanza. Sauti yao ya alfajiri ni kama pikipiki inayokataa kuwaka, mmoja anaanza, mwingine anajibu kutoka mti wa pili, mpaka msitu mzima unapiga kiki. Nikainua macho nikawaona wawili, weusi, na kanzu nyeupe ya manyoya ikining'inia pande zote za mgongo, wameketi juu kabisa wakisubiri jua kama wazee kwenye ukuta wa msikiti. Jua lilitokea nyuma ya Kilimanjaro. Upo kilomita hamsini na kitu upande wa mashariki, na kwa dakika chache hizo ulikuwa mstari mweusi tu wenye kichwa bapa. Kisha ukuta wa Meru, upande wa pili, ukawaka rangi ya chungwa kutoka juu kushuka chini.

Tulikwenda ziwani kwa miguu, askari mbele na bunduki yake, mwongozaji nyuma. Maziwa ya Momella yako kadhaa: Momella Kubwa, Momella Ndogo, Lekandiro, Tulusia, Rishateni na mengine, na hayafanani rangi. Moja ni kijani ya mboga iliyochemka sana, jirani yake bluu, jingine kijivu. Maji yake mengi hutoka chini ya ardhi, yana magadi, na kila ziwa lina kipimo chake, kwa hiyo kila moja huotesha kitu tofauti.

Unanusa kabla hujaona: magadi, matope, manyoya yaliyolowa. Halafu ukingoni kuna ukanda wa waridi, unadhani ni mwanga. Ni heroe. Kwa sauti ni kama kanisa kabla ibada haijaanza, maelfu ya minong'ono isiyo na neno. Mmoja aliyekuwa karibu alipinda shingo mpaka kichwa kikawa juu chini ndani ya maji, akawa anakanyaga matope taratibu kwa zamu, kulia, kushoto, akichuja. Hakutujali. Matopeni palibaki nyayo zake, pembetatu ndogo ndogo, na ganda jeupe la magadi lilikuwa limeanza kuzifunika.

Mwongozaji aliokota jiwe jeusi akanipa. Njia nzima tulikuwa tumepanda na kushuka vilima vidogo, vingi, visivyo na mpangilio. "Vilima vyote hivi unavyoviona, mama," alisema, "ni mlima." Miaka elfu kadhaa iliyopita ubavu wa mashariki wa Meru ulibomoka. Miamba na tope vilimwagika huku chini, vikaacha vichuguu na mashimo, na mashimo yakajaa maji. Nikageuka nikatazama lile pengo, nikatazama tuliposimama, nikajaribu kupima kwa macho umbali ambao jiwe hili lilisafiri. Nilishindwa. Na mlima haujafa: mwaka 1910 ulitoa majivu kidogo. Kambi yetu, na kitanda cha futi sita kwa sita, viko juu ya kifusi chake.

Chakula cha kambi kilikuwa kizuri, supu ya maboga, kuku wa kuokwa, keki, lakini mchana huo nilisikia harufu nyingine ikitoka nyuma ya jiko. Nikaenda. Wapishi walikuwa wameketi kwenye madumu, sufuria katikati: loshoro, mahindi na maziwa mgando. Mpishi mkuu akaona haya. "Hii ni yetu sisi, mama. Wageni hawaiwezi." Nikamwambia mimi si mgeni. Akanitazama viatu vyangu vya kutembelea msituni, vipya, akacheka, akanipa kikombe. Yule kijana wa maji alinisogezea dumu nikalie. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama ya kuungua, ya zamani, ndefu kama kidole.

Tuliondoka siku ya pili alasiri. Kabla ya Tengeru, pembeni mwa barabara, turubai la bluu lilikuwa linasimamishwa uani kwa watu. Viti vya plastiki vilikuwa bado vimepangwa kimoja ndani ya kingine, na akina mama wanne walikuwa wameanza kumenya ndizi. Dereva alipunguza mwendo, akazima redio. Pembeni mwanaume mmoja alikuwa amepiga goti anagonga kigingi kwa jiwe, na kwa kuwa redio ilikuwa imezimwa, tulimsikia.