Tango Lina Kwao, Kahawa ya Mbinga Je?

Maonesho ya kilimo ya Grüne Woche yalianza Berlin mwaka 1926, na hufanyika kila Januari, majira ambayo mashamba ya Ujerumani yamelala. Mtanzania wa ughaibuni aliyekulia Nane Nane, akienda huko na wabia wake wa biashara, hukuta kilimo kimehamia kumbini: kimeshasindikwa na kufungashwa. Uyole jijini Mbeya, kwenye Nane Nane ya viwanja vya John Mwakangale, mkulima wa Mbinga huingia kwenye kitalu, hugeuza jani kutafuta dalili za ugonjwa, na kumhoji afisa ugani papo hapo. Kwa kumfunza mtu kulima, Berlin haifui dafu kwa Uyole.

Somo la Berlin liko kwenye meza ya matango. Matango ya siki ya Spreewald, eneo lililo kusini-mashariki mwa jiji hilo, jina lake linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya tangu 1999. Kiwanda cha mahali pengine hakiruhusiwi kulitumia. Mnunuzi hulipia tango, na hulipia pia kwao tango.

Kahawa ya Mbinga haina heshima hiyo. Japani, arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, huuzwa kwa jina la Kilimanjaro. Buni iliyochumwa Umatengo, milimani Mbinga, hunywewa kwa jina la mlima ulio zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara kutoka Mbinga. Ulaya nako, kifungashio mara nyingi huishia kwenye jina la nchi, au kahawa huchanganywa na ya mataifa mengine na asili yake ikapotea kabisa.

Mahali penyewe panastahili kutajwa. Kwenye miteremko mikali ya Umatengo, nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufukiwa juu ya nyasi hizo. Hivyo ndivyo ngoro inavyozaliwa: mashimo hukamata maji ya mvua, nyasi huoza zikawa mbolea, na maharage au mahindi huota kwenye matuta. Kahawa husimama karibu na nyumba. Ikiiva huchumwa kwa mkono, punje nyekundu tu, humenywa, huchachushwa, huoshwa, kisha hutandazwa kwenye vichanja, ambako watu wa nyumbani huipitia wakitoa punje mbovu moja moja.

Chini ya milima hiyo, pwani ya Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi, Liuli hadi Mbamba Bay, jina la mahali lina thamani tayari. Sokoni, dagaa wa Nyasa huulizwa kwa jina lao, na muuzaji hulitaja kabla ya bei. Soko la nyumbani linajua kwamba chakula kina kwao.

Kahawa ikipoteza jina, wa kwanza kuumia ni mkulima. Ujerumani hutoza kodi ya euro 2.19 kwa kila kilo ya kahawa iliyokaangwa. Serikali ya huko inajua stahiki yake mapema, wakati mkulima aliyebanwa na ada au njaa huuza kwa magoma kahawa ambayo bado iko mtini. Lakini njia ya kulirudisha jina ipo. Sheria ya Ulaya ya 2023 dhidi ya mazao yatokanayo na ukataji misitu, ambayo utekelezaji wake umeahirishwa, inamtaka mwagizaji aonyeshe kwenye ramani shamba lilipotoka zao. Kama shamba linaweza kuonyeshwa kwenye ramani, kijiji chake kinaweza kuandikwa kwenye pakiti.

Kazi ya Mtanzania wa ughaibuni inaanzia hapo. Mkataba wake na wabia utaje Mbinga, chama cha msingi na kijiji, na majina hayo yabaki kwenye pakiti hadi dukani. Safari nayo igeuzwe: wabia waliomwonyesha matango Januari waalikwe Uyole tarehe 8 Agosti, kisha wapande Umatengo, msimu wa mavuno vichanja vikiwa vimejaa, na wateremke hadi Mbamba Bay. Aliyeiona ngoro kwa macho yake na kuipitisha kahawa mikononi mwake atajua jina gani aliandike kwenye pakiti.