Bia ya Nazi na Tembo la Brussels

Mtu aliyekulia Kilifi hahitaji kuambiwa kwamba kinywaji kinaweza kujichachua chenyewe. Mgema hupanda mnazi alfajiri na jioni, hukata ncha ya karara kwa kotama, hutega kibuyu, na anapolishusha tembo huwa limeshaanza kutoa povu bila mtu kulitia hamira. Likiwa jipya ni tamu, likikaa kutwa linakuwa kali, likilala linaelekea kwenye siki. Kwa hiyo niliposoma kwamba Ubelgiji wako watu wanaopika bia kisha wakaiachia hewa ya mji kazi ya kuichachua, niliapa kwamba siku nikifika Ulaya nitaitafuta.

Nafasi ilipatikana mwezi wa Machi, nilipoalikwa Brussels kwenye kikao cha wakalimani. Treni kutoka uwanja wa ndege wa Zaventem ilituchukua kama dakika 20 hadi stesheni ya Midi, na huko nilipokewa na mzee mmoja wa Bukavu, rafiki wa rafiki yangu, aliyehamia Ubelgiji angali kijana. Anakaa Ixelles, jirani na Matonge, mtaa uliorithi jina la mtaa wa Kinshasa. Pale utanunua sombe, samaki wakavu na vitenge, na ukitega sikio utasikia Kilingala kingi, Kifaransa, na hapa na pale Kiswahili cha Kivu. Mimi nilimwita Mzee, yeye akaniita mwanangu, na lugha ikatosha.

Nilipomweleza nia yangu alicheka. "Mwanangu, unataka bia ya wazee ao bia ya vijana?"

"Zote mbili, Mzee."

"Basi tuanze na ya vijana. Kisha kukunywa ya wazee, ulimi haitakubali kurudia nyuma."

Jioni hiyo akanipeleka katikati ya mji, kwenye vichochoro vinavyozunguka uwanja wa Grand-Place. Wabelgiji hawana mchezo na bia. Mwaka 2016 UNESCO iliutia utamaduni wao wa bia katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika, na baa moja ya vichochoro hivyo, Delirium Café, iliwahi kuingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2004 kwa kuwa na aina 2,004 za bia. Sisi tuliingia baa nyingine, ndogo zaidi, lakini orodha ya vinywaji hata hapo ilikuwa kitabu kizima. Ukurasa baada ya ukurasa: bia ya pichi, ya stroberi, ya chokoleti, ya tufaha, ya ndizi. Nikafika kwenye bia ya nazi, nikasema hii ndiyo yangu.

Mhudumu aliileta katika bakuli lenye umbo la kifuu. Nikanusa. Nazi tupu, ile ya biskuti na ya mafuta ya nywele. Nikanywa: tamu, laini, baridi, inashuka bila kuuliza. Si kinywaji kibaya, na vijana wa meza ya jirani walikuwa wanakwenda nacho vizuri. Lakini mimi nilibaki nikikitazama kile kifuu. Tembo la mnazi, ambalo limetoka ndani ya mnazi wenyewe, halina ladha ya nazi hata chembe. Utomvu wake hugemwa kwenye karara kabla nazi haijatunga. Linanuka chachu, na ukali wake unapanda kila saa. Waliotengeneza bia ile walikuwa wameanzia mwisho, wakaichukua harufu ambayo mteja anaijua tayari, wakaitia kwenye bia. Mnazi wa kweli haujui kufanya hivyo.

Mzee hakusema neno. Alikuwa amejiagizia maji.

Kesho yake tukarudi upande wa stesheni ya Midi, tukatembea kwa miguu hadi mtaa wa Gheude, kata ya Anderlecht. Ni mtaa wa kawaida wa mjini, wenye magereji na nyumba zilizobanana, na usipoangalia vizuri utaupita mlango wa Cantillon. Familia ya Cantillon ilianza biashara hapo mwaka 1900. Mwaka 1978, wakati watengenezaji wa bia ya namna hii walikuwa wanafunga milango mmoja baada ya mwingine, Jean-Pierre Van Roy, mkwe wa familia hiyo, aligeuza kiwanda kuwa pia jumba la makumbusho, ili wageni waingie, waone, waonje. Leo kinaendeshwa na mwanawe, Jean, na kazi inaendelea huku wageni wanapita katikati ya mapipa.

Kijana aliyetutembeza alianza na nafaka. Bia hii, ambayo huitwa lambiki, hupikwa kwa kimea cha shayiri sehemu 65 kwa mia na ngano isiyooteshwa sehemu 35. Hopsi zake ni kuukuu, zimehifadhiwa kama miaka mitatu hadi uchungu umekwisha. Kazi yake humo si kutia ladha, ni kuizuia bia isiharibike. Maji ya kimea huchemshwa kwa saa nyingi, kisha hupandishwa darini.

Kule darini ndiko nilikokuwa nimekwenda kuona. Chini ya paa la vigae kuna sinia kubwa la shaba, pana na la kina kifupi, linalobeba lita zipatazo 7,500. Siku ile walikuwa wameshalimwaga asubuhi, na kwenye pembe zake shaba ilikuwa bado na unyevunyevu. Kwenye kuta na paa yameachwa matundu ya kupitisha upepo. Maji ya kimea humiminwa humo jioni yakiwa moto, hulala usiku kucha wazi, na hadi kukicha yamepoa. Katika usiku huo hewa ya Brussels hushuka juu yake pamoja na vijidudu vyake, akiwemo hamira wa mwitu ambaye wanasayansi wamempa jina la mji wenyewe: Brettanomyces bruxellensis. Hakuna anayetia hamira ya dukani. Ndiyo sababu lambiki hupikwa tangu mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Aprili tu. Wakati wa joto sinia halipoi inavyotakiwa, na vijidudu vya angani huwa wengi kupita kiasi, wengine waharibifu.

Juu ya sinia kulikuwa na utando wa buibui, mwingi, wa miaka. Nikadhani ni uzembe wa usafi. Kijana akasema buibui hawaguswi pale, kwa kuwa ndio wanaowakamata nzi wa matunda wakati wa kiangazi. Mzee akanigusa bega: "Ona, nao wako na mushahara."

Tukashuka kwenye mapipa. Mengi ni ya mwaloni na yalishawahi kutumika kwa mvinyo, yamepangwa safu juu ya safu hadi gizani. Lambiki ikishaingia humo, baada ya siku chache huanza kuchacha yenyewe na kutoa povu jeupe juu ya tundu la pipa. Kisha hutulia, na hukaa mwaka mmoja, miwili, mitatu. Hapa ndipo wanapoachana na mgema wetu. Yeye ana kutwa moja tu ya kuuza kabla ya siki, wao wana baridi na kuta nene, na wamejifunza kungoja. Siku ikifika huonja pipa kwa pipa, wakachanganya lambiki ya mwaka mmoja, ya miwili na ya mitatu. Ile changa bado ina sukari kidogo, nayo huamsha uchachu mpya ndani ya chupa na kuleta povu. Mchanganyiko huo ndio geze, na chupa zake ni nzito, zimezibwa kwa kizibo cha mti.

Meza ya kuonjea iko kando ya mlango. Kwanza tulipewa lambiki tupu kutoka kwenye pipa, isiyo na povu, bapa, kali hadi mashavu yakaingia ndani. Halafu geze: ugwadu wa ukwaju, harufu ya ngozi na ya ghala la nafaka, na mwishoni ukavu unaoacha mdomo ukitaka tena. Sukari hamna. Nilimtazama Mzee, akatikisa kichwa. "Njo hii," akasema, akainua glasi yake.

Cha tatu kilikuwa kriki, lambiki ya cheri, na hicho ndicho kilichonifanya nifikiri upya. Maana nilikuwa nimeshaanza kujijengea hoja nyepesi: ya kale ni safi, ya matunda ni ya watoto. Kumbe matunda ni ya kale vilevile. Watu wa Brussels wamekuwa wakilowesha cheri zenye ugwadu kwenye lambiki tangu enzi za mababu. Cantillon hutia kama gramu 200 za matunda kwa kila lita, mazima na kokwa zake, na kuyaacha miezi humo. Hamira wa mwitu hula sukari yote ya tunda. Kinachobaki ni wekundu, ugwadu, na harufu ya kokwa. Ukifumba macho huwezi kuiita bia ya cheri kwa maana ile ya orodha ya jana. Tunda limekwisha, limegeuka bia.

Na wala wenyewe si watu wa kushikilia ya jana tu. Kiwanda hichohicho hutengeneza lambiki za zabibu, za aprikoti, za rasiberi na hata za maua. Hata sukari ina historia yake: faro, kinywaji cha wafanyakazi wa Brussels wa karne ya 19, ilikuwa lambiki iliyotiwa sukari kabla tu ya kunywewa. Kwa hiyo mwenye kusema "zamani hawakutia tamu" hajui zamani hiyo.

Tatizo lilikuja baadaye. Soda na bia nyepesi za baridi zilipoteka ndimi za watu katika karne ya 20, watengenezaji wengi wa lambiki waliona njia ya kupona ni kuifuata soda: wakaharakisha, wakachuja, wakatia juisi na vitamu, wakachemsha chupa ili uchachu usiendelee. Mauzo yalipanda. Waswahili tulishasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa alilitia sukari. Geze halisi ilibaki mikononi mwa wachache, hadi mwaka 1997 Umoja wa Ulaya uliposajili majina ya Oude Geuze na Oude Kriek, kwamba asiyefuata njia ya kale asiyaandike kwenye chupa yake.

Siku ya mwisho tulizunguka kwa watengenezaji wapya. Brasserie de la Senne, walioko sasa Tour & Taxis, wamekwenda kinyume cha mtindo: bia yao ya Taras Boulba ina kilevi cha asilimia 4.5 tu, kavu, chungu, haina tunda wala kiungo cha ajabu, na ukumbi ulikuwa umejaa vijana. Brussels Beer Project, walioanza mwaka 2013, wana bia iitwayo Babylone, ambayo sehemu ya nafaka yake ni mkate uliokosa kuuzwa. Ukiisikia utadhani ni kituko cha matangazo. Lakini mkate ule huingia chunguni pamoja na kimea, wanga wake ukageuka sukari, sukari ikageuka kilevi. Ni kitu kipya kilichokubali kupita njia ya zamani. Niliinywa kwa heshima.

Najua wasomaji wangu wengi hawanywi, na siwaombi waanze. Lakini hata asiyekunywa anajua tofauti ya achari iliyokaa juani na ile ya kiwandani. Ugomvi wa bia za jadi na bia za ladha mpya hauko baina ya kale na kisasa. Uko baina ya ladha iliyopita kwenye uchachu na ladha iliyomwagwa baada ya uchachu kwisha. Ya kwanza inaweza kuwa mkate, zabibu au ua, na bado ikawa bia. Ya pili inaweza kujivika kifuu cha nazi na bado ikawa soda yenye kilevi.

Hili linatuhusu. Nairobi, Kampala na Dar es Salaam nako viwanda vidogo vya bia vimeanza, na nina hakika siku si nyingi kutakuwa na bia ya ukwaju, ya ubuyu na ya embe kila kona. Sizipingi. Ninawaomba wenye viwanda hivyo wampandie mgema mnazini kabla hawajaagiza chupa za manukato ya matunda kutoka ng'ambo, kwa kuwa ujuzi wa kuchachua bila hamira ya dukani tunao nyumbani na hatujaujengea hata kibanda cha makumbusho. Nawe mnywaji, ukiambiwa bia fulani ni ya tunda, muulize mhudumu swali moja tu: tunda liliingia lini? Akishindwa kujibu, agiza nyingine.