Tulipoulizwa Kama Sisi ni Watu

Limetufika jambo ambalo yamkini limewafika wengi katika wasomaji wetu, nasi tumeona si vibaya kulieleza, kwani sababu yake tuliijua baada ya kughadhibika bure.

Usiku mmoja baada ya Isha tulitaka kufungua barua pepe ya madrasa yetu, ambamo wazazi hutuletea khabari za watoto wao na risiti za ada. Tuliandika jina, tukaandika neno la siri, na vyote vilikuwa sahihi. Badala ya kufunguliwa, tukaambiwa tuthibitishe ya kuwa sisi si roboti. Tukaletewa picha tisa, tuchague zenye mabomba ya zimamoto ya kando ya njia. Wallahi bomba la namna ile hatujaliona katika mitaa yetu ya Tanga. Ni kitu cha barabara za Marekani. Tukakisia, tukakosa. Yakaja mabasi, vikaja vivuko vya waendao kwa miguu, hata mara ya tano mlango ukafungwa. Mtu aliyesomesha watoto miaka thelathini aulizwa na mashine kama yeye ni mtu!

Asubuhi tulimshitakia mpwa wetu afanyaye kazi ya kompyuta. Akacheka, akasema, "Mjomba, simu hii ina VPN." Kumbe mwanetu ndiye aliyeitia, ya bure, apate kutazama mpira.

Akatueleza hivi. Kila mwenye kuingia katika intaneti ana anwani ya namba, na tovuti huiona anwani ile kama bawabu auonavyo uso wa mgeni. VPN hukupitisha kwanza katika kompyuta ya mwenye programu, pengine iko Uholanzi, nawe ukafika mlangoni kwa anwani ya kompyuta hiyo, si kwa yako. Lakini hukupita peke yako. Watu wengi mno hupita kwa anwani hiyo hiyo, na miongoni mwao wamo wezi. Wezi hawa hawaketi wakaandika kwa mikono. Hutuma roboti zikajaribu majina na maneno ya siri yaliyoibwa kwingine, maelfu kwa maelfu, kwa kuwa wajua watu wengi hutumia neno moja kwa kila mlango. Basi bawabu aliyeona anwani moja ikibisha kwa majina mia, na jana tuliingia kutoka Tanga, leo twaonekana tuko Ulaya, atafanyaje? Sisi nasi tungeuliza.

Mtihani wenyewe si mgeni. Jina lake, CAPTCHA, lilitolewa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, akiwamo Luis von Ahn; nao zamani ulikuwa wa kusoma herufi zilizopindwa, ambazo mashine zilishindwa kuzisoma. Mashine zimejifunza. Mwaka 2024 watafiti wa ETH Zurich walionyesha kompyuta ikizitegua picha hizi bila kushindwa. Kwa hiyo mabawabu wa leo hutazama zaidi anwani, na chombo utumiacho, na mwendo wako.

Moja hatulikubali. Mwalimu mwenzetu asiyeona, aliyehifadhi Kurani yote, hawezi kuchagua picha. Aletewapo sauti badala yake, huja kwa Kiingereza asichokijua. Huyu amekosa nini?

VPN si kitu kiovu. Maofisi huitumia kulinda siri zao. Ila ya bure yataka hadhari, kwani mwenye nayo aweza kujua tovuti unazozizuru.

Tuliizima, na mlango ukafunguka bila ya picha. Ndani tukakuta onyo: siku tatu kabla, alfajiri, mtu alijaribu kuingia kutoka nchi tusiyowahi kukanyaga, akazuiliwa. Neno letu la siri lilikuwa jina la madrasa, miaka sita halijabadilishwa. Tulilibadilisha pale pale, mikono ikitutetemeka. Mwanetu tumemwachia VPN yake, lakini katika simu yake.