Kilichokula habu ya pikipiki ya Baba

Wadau, wiki hii siasa zipumzike. Nataka niwasimulie habari ya gurudumu.

Baba ni bwana shamba mstaafu. Ana Honda CG125 ya mwaka 1983, mkweche aliozunguka nao vijiji vya Njombe kabla mimi sijazaliwa. Honda walianza kuuza CG mwaka 1976, wakilenga nchi kama zetu ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na oili hubadilishwa ikikumbukwa. Injini haijawahi kumsumbua. Kilichomsumbua ni tairi la nyuma, linacheza kushoto na kulia kama mlango uliolegea bawaba. Mwezi uliopita lilitaka kumwangusha mteremkoni. Mama akatoa hukumu: likicheza tena, pikipiki inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kwa mzee ambaye shamba lake liko kilomita 9 kutoka nyumbani, hiyo ni sawa na kuambiwa akae kibarazani asubiri uzee.

Gurudumu likapakiwa kwenye basi. Nikalipokea stendi ya Magufuli, Mbezi, nikalipeleka Gerezani kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza vyuma.

"Shikamoo mzee. Beringi zimebadilishwa mara tatu mwaka huu, hazikai."

"Marahaba. Na mara zote tatu, nani aliuliza zinakufa kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Akaitoa beringi kwa vidole viwili. Beringi hukaa kwenye habu kwa kubanwa, haitoki bila nyundo. Hii ilitoka kama kifuniko cha chupa. Pembeni yake palikuwa na kipande cha kopo la soda, na tundu limejaa vidoti vya panchi ili libane.

"Hizi ni plasta, mwanangu. Kidonda kiko ndani."

Akaingiza kidole katikati ya habu, akatikisa kichwa. Kati ya beringi mbili hukaa bomba fupi la chuma ambalo ekseli hupita ndani yake. Ukikaza nati, nguvu yote hupita kwenye bomba hilo. Kwenye gurudumu letu halikuwepo. Fundi fulani, siku fulani, alilitoa na hakulirudisha. Kwa hiyo kila nati ilipokazwa, beringi zilisukumwa ubavuni, zikapata moto, zikakwama. Beringi iliyokwama huzunguka yenyewe ndani ya habu, na habu ni aluminiamu. Chuma kikaila taratibu.

Spoku zote 36 zikafunguliwa. Akakereza tundu hadi likawa duara safi, akachonga bushi ya aluminiamu akaikaza humo. Kwa nini si ya chuma? Kwa sababu aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Habu ikipata moto, bushi ya chuma ingeweza kulegea. Sifa hiyohiyo ikamsaidia kufunga beringi. Alipasha habu moto, beringi ikaingia yenyewe bila kupigwa, na ilipopoa ikabanwa. Bomba jipya alilikata dakika za mwisho, akalipima mara tatu. Ndilo lililonigharimu pesa kidogo kuliko vyote. Kusuka ringi upya kulichukua siku nzima.

Mimi ni mwandishi wa habari. Tunafundishwa kuuliza nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Nafasi ya gazeti ikiwa finyu, "kwa nini" ndiyo hukatwa ya kwanza, na kesho yake tunaandika tena ajali ileile kwenye kona ileile.

Baba amesharudi shambani. Juzi alibeba gunia la viazi kwenye keria. Mama kanyamaza, na nyumbani kwetu hiyo ni ruhusa.

Nawe kama una mkweche wenye tairi linalocheza, kabla hujanunua beringi nyingine, muulize fundi wako lile bomba liko wapi.