Reli Isiyofika Kabezi

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Rumonge huwa na ziwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto mwendo wote. Yapata kilomita 12 kutoka mjini hupita jiwe la Mugere, linalokumbusha kulala kwa Livingstone na Stanley mahali hapo mnamo Novemba 1871. Baadaye kidogo, mahali penye kilomita 20 hivi, huingia Kabezi. Huko ataona michikichi, miembe, mitumbwi iliyopandishwa ufukoni na ndagaa walioanikwa. Ng'ambo ya maji imesimama milima ya Kongo. Reli hataiona, maana haijajengwa.

Hata hivyo wamo katika mwambao huu watu wanaolijua garimoshi vizuri sana. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwakimbiza maelfu mengi ya wananchi wa Burundi hadi Tanzania, nao wakapewa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Katumba iko kwenye tawi la reli liendalo Mpanda. Mtoto aliyekulia huko alijua saa kwa mluzi, na alijua kuhesabu kwa mabehewa. Ilipowadia 2008 na safari ya kurudi kuanza, wengine walipelekwa Kigoma kwa garimoshi hilohilo, kisha wakavuka mpaka kwa gari. Kule Rumonge wengi wao walikuta mashamba ya baba zao yanalimwa na watu wengine. Reli ikabaki katika masimulizi ya jioni, na wajukuu wanaosikiliza hawajaona hata taruma moja.

Kwa nyumba ya namna hiyo, kujenga reli ndogo ya mfano juu ya meza si mchezo wa watoto peke yao. Ni kazi ya mikono inayohitaji subira, na askari atakuwa na faida kuliko raia: ameshazoea kuona mlima, mto na njia vikitengenezwa kwa mchanga kabla ya mazoezi. Tofauti ni kwamba mchanga wa mazoezi hufutwa jioni.

Jambo la kwanza ni kipimo. Kilichoenea zaidi duniani ni kile cha sehemu 1 kwa 87. Kwa kipimo hicho askari mwenye urefu wa mita 1.74 huwa sentimita 2, na behewa la mita 17 huwa sentimita 20 kasoro kidogo. Reli ya Kati ya Tanzania, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja. Kwenye meza itakuwa milimita 11 na nusu. Urefu wake ni kilomita 1,250 hivi. Mtu akitaka kuitengeneza yote bila kupunguza atahitaji kilomita 14 na ushei: akianzia Bujumbura atapita jiwe la Mugere, lakini Kabezi hatafika.

Basi huchaguliwa kipande, na kipande chenye maana kwa watu wa ziwa ni mwisho wa njia: stesheni ya Kigoma na gati yake. Hapo ndipo bidhaa za Burundi ziliposhushwa na kupakiwa melini kwa miaka mingi. Tangu mkataba wa 1921 Wabelgiji walikuwa na eneo lao katika bandari ya Kigoma na ile ya Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka.

Vifaa havina haja ya kuagizwa Ulaya. Mbao mbili, kila moja ya urefu wa mita moja, zinatosha, nazo ziunganishwe kwa komeo, kwa kuwa familia ya askari huhamishwa na kitu kisichoingia mlangoni kitaachwa nyuma. Mataruma hukatwa kwa vijiti vya urefu wa sentimita 2 na zaidi kidogo. Reli zenyewe ni waya mgumu ulionyooshwa kwa nyundo. Milima hufinyangwa kwa magazeti ya zamani yaliyolowekwa katika uji wa muhogo. Ikaushwe barabara na kupakwa rangi upesi, la sivyo mende wataila kabla ya wageni kuiona. Dodoki lililochanwa na kutiwa rangi ya kijani huwa mti mzuri kuliko wowote uuzwao dukani. Ziwa ni kioo kilichopakwa rangi upande wa chini, bluu nzito katikati na kijani karibu na ufuko.

Kosa la kawaida ni kopo la nyanya kugeuzwa behewa la mafuta. Kopo hilo ni nene mno; tangi lenye kipenyo cha mita 2 na nusu linapaswa kuwa na sentimita 3 tu, na kipande cha mwanzi kitafaa zaidi. Kosa jingine ni usafi. Reli halisi ina kutu ubavuni na inang'aa juu tu, na kokoto zake zimefunikwa vumbi la nchi inayopitiwa. Vumbi lililochekechwa kwa kitambaa na kunyunyizwa juu ya gundi hukamilisha kazi.

Anayetaka injini itembee yenyewe atumie betri ya pikipiki, kwani yenye volti 12 ndiyo nguvu ya reli nyingi za mfano. Umeme huja kwa reli moja na kurudi kwa nyingine. Kwa hiyo magurudumu ya kushoto na kulia yasiunganishwe kwa mhimili wa chuma mtupu; waya utachemka na meza itanuka moshi wa kweli.

Meli ndiyo mtihani. Graf von Goetzen, iliyojengwa Papenburg mwaka 1913, ililetwa Kigoma vipande vipande kwa reli hiyohiyo na kushushwa majini mwaka 1915. Ilizamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ina urefu wa mita 70 hivi, yaani sentimita 80 mezani, karibu ubao mzima. Afadhali itengenezwe ndogo na kuwekwa mbali na gati, jicho lidhani iko katikati ya maji.

Hapo ndipo babu na wajukuu wanaweza kukosana. Mwaka 2025 ujenzi wa reli kutoka Uvinza hadi Musongati ulizinduliwa, na vijana watataka iwemo. Upana wake ni milimita 1,435, ambao mezani ni 16 na nusu. Behewa la Katumba haliwezi kusimama juu yake, hivyo ni lazima utandikwe mstari wa pili. Nayo Musongati iko mbali milimani. Hata reli hiyo ikikamilika haitagusa ufuko huu. Mjenzi mkweli ataacha ubao wa Kabezi na michikichi yake, barabara yake, na nyumba za ufukoni ambazo maji ya ziwa yaliyopanda yameziingia. Na mzee ataendelea kusogeza kwa kidole behewa lake dogo hadi mwisho wa gati ya Kigoma, karibu na kioo.