Nchi Inayoelea Angani

Wako watu wasemao: "Hadithi za nchi zisizokuwako zina faida gani? Ni za kuchekesha watoto tu." Nami nimesoma *Kusadikika*, kitabu cha Shaaban Robert wa Tanganyika, kilichotolewa mwaka 1951. Naomba niwajibu.

Nchi ya Kusadikika inaelea angani. Ilituma wajumbe sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na habari za manufaa, na kila mmoja alitiwa gerezani. Kisha akashtakiwa Karama, kwa kuwa alitaka watu wafundishwe sheria. Mwanzoni nilicheka. Nilipofika kwa mjumbe wa tatu, kicheko kiliniisha.

Mwandishi alikuwa mtu wa Tanga, mbali sana na Kasongo. Lakini Kiswahili chetu kilifika huku katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pwani, ile ya pembe na watumwa. Kwa hiyo maneno yake hayakunipa taabu. Kilichonipa taabu ni kwamba watu wake niliwajua.

Katika kijiji kimoja cha kwetu kijana alirudi toka Bukavu, akawashauri watu wachemshe maji ya mto kabla ya kunywa. Wazee wakasema: "Huyu amesoma, sasa anatudharau." Hawakumfunga, walimcheka tu kila alipofungua kinywa, hata akanyamaza. Mvua zilipokuja, ugonjwa wa kuhara uliingia nyumba nyingi. Tuliwazika watoto wawili. Nani aweza kusema kwamba Kusadikika iko angani?

Hiyo ndiyo faida ya hadithi za namna hii. Ukiambiwa habari za kijiji chako, utakasirika na kutafuta nani amekusema. Ukiambiwa habari za nchi ya mbali, utahukumu kwa haki. Halafu utaona kwamba umejihukumu mwenyewe.

Tena nchi hiyo yatushinda kwa jambo moja. Karama alipewa siku sita za kujitetea, na mfalme alisikiliza. Mwishoni alimwachilia yeye pamoja na wale wajumbe. Basi, ndugu zangu, kijana akisimama barazani kwetu na neno jipya, tumwache alimalize. Neno likiwa baya, tutalikataa. Lakini tulisikie kwanza.